Mistari minne kwenye bamba, mitatu kwenye kamera

Swali: Nasomea shahada ya uzamili ya fizikia, na mradi wangu ni kupima ubora wa kamera ya joto. Kamera ina lenzi ya milimita 25 yenye f/1, sensa ya pikseli za mikroni 12, na inaona mawimbi ya mikroni 8 hadi 14. Nimetengenezewa bamba la chuma lenye unene wa mikroni 300, lililokatwa makundi ya mipasuo minne minne: upana wa mikroni 400, 200, 100 na 50. Nimeliweka kwenye fokasi ya kioo cha parabola chenye umbali wa fokasi wa milimita 250 na kipenyo cha milimita 50, ili kamera ione mistari kana kwamba iko mbali sana. Sentimita 15 nyuma ya bamba kuna gimba jeusi la sentimita 4 kwa 4, ndilo linalotoa joto. Kundi la 400 naliona safi. La 200 limefifia kidogo. La 100 linanionyesha mistari mitatu, wakati kwa macho yangu naiona minne. La 50 ni ukungu mtupu. Msimamizi wangu anasema mwanga wa infraredi unatawanyika kwenye mipasuo membamba, niagize bamba jipya. Ni kweli?

Jibu: Bamba usiagize kwanza, pesa hiyo utaihitaji. Difraksheni, yaani kule kupinda na kufunguka kwa mwanga unapopita kwenye tundu, ipo na inaila picha yako, lakini sehemu kubwa ya ulaji haufanyiki kwenye bamba, unafanyika kwenye lenzi ya kamera hiyo hiyo unayoipima. Kikulacho ki nguoni mwako. Bamba nalo lina makosa yake, nitayafikia, ila ni madogo na mengi yanarekebishika bila kununua kitu.

Tuanze na hoja ya msimamizi wako, kwa sababu si hoja ya mtu asiyejua. Aliyekulia pwani ameona wimbi likiingia kwenye mlango wa mwamba: mlango ukiwa mpana, wimbi linapita limenyooka, ukiwa mwembamba, linatoka upande wa pili limefunguka kama upepeo. Mwanga hufanya vivyo hivyo. Kipimo cha kufunguka huko ni urefu wa wimbi ukigawanywa kwa upana wa mpasuo. Mwanga wa kijani una urefu wa nusu mikroni, kwa hiyo kwenye mpasuo wa mikroni 50 unafunguka radiani 0.01 tu kila upande hadi kufikia giza la kwanza. Joto unalopima wewe lina mawimbi ya mikroni 10 hivi, mara 20 zaidi, na kwenye mpasuo huo huo linafunguka hadi radiani 0.2, yaani zaidi ya digrii 11. Ndiyo maana bamba linaonekana halina dosari ukiliangalia kwa kioo cha kukuza. Macho yako na kamera yako haviangalii bamba moja, kwa maana hiyo.

Sasa mtego. Kamera yako ina tundu la milimita 25 (f/1 maana yake kipenyo cha tundu ni sawa na umbali wa fokasi), na bamba liko milimita 250 kutoka kwenye kioo. Kwa hiyo kutoka kila nukta ya bamba, mwanga unaofika kwenye kamera ni ule ulio ndani ya koni ya radiani 0.05 kila upande wa mstari wa katikati. Mtu anachukua kalamu: mwanga unafunguka hadi 0.2, kamera inapokea 0.05, basi robo tatu zimepotea! Anafunga daftari, anaagiza bamba. Mimi mwenyewe niliwahi kuifanya hesabu hii, nikaipeleka mbele ya watu kwenye ubao, na mzee mmoja wa maabara akaniuliza swali moja tu: "Chumba kizima kikiwa na joto lile lile la gimba jeusi, utaona nini?"

Nilinyamaza, kwa sababu jibu ni kwamba huoni kitu. Bamba, gimba, kuta, vyote vikiwa na joto moja, kamera inaona uso mmoja usio na mstari wowote. Hilo ni sharti la kanuni za joto, lilelile ambalo mwanafizikia Mjerumani Kirchhoff alilitumia mwaka 1860 alipokuwa akieleza mnururisho wa gimba jeusi. Kama ingekuwa kweli kwamba mpasuo wa mikroni 50 unapoteza robo tatu ya nishati kwa difraksheni, basi ndani ya chumba hicho chenye joto moja mpasuo ungeonekana wenye baridi kuliko bamba. Haiwezekani. Kwa hiyo kuna kitu kinachorudisha kile kilichopotea.

Kinachorudisha ni kwamba gimba jeusi halitoi mwanga kwa upande mmoja kama tochi. Linatoa kila upande. Mwale uliokuwa uende moja kwa moja kwenye kioo unapindwa na mpasuo na kupotelea pembeni, sawa. Lakini mwale mwingine uliokuja kwa mshazari, ambao usingefika kamwe kwenye kioo, unapindwa nao na kuingia ndani ya koni. Hasara hapa, faida pale, na hesabu inalingana. Inalingana kwa sharti moja: huko kwenye mshazari, mwale unakotoka, kuwe na gimba jeusi na si ukuta wa maabara.

Kwa hiyo acha kuuliza mwanga unakwenda wapi. Geuza safari. Jifanye kamera ndiyo taa: inatuma mwanga kwenye kioo, kioo kinaukusanya kwenye mpasuo kwa koni ya 0.05, mpasuo unaufungua kwa 0.2 zaidi, na mwanga huo unatua nyuma ya bamba. Pale unapotua ndipo kamera "inapoangalia". Sehemu iliyotua kwenye gimba jeusi ni mawimbi yenye joto lako. Iliyotua pembeni imeona ukuta, na ukuta una joto sawa na bamba, kwa hiyo sehemu hiyo haichangii utofauti wowote. Mbinu hii ya kurudi kinyumenyume imeniokoa mara nyingi kuliko fomula yoyote, na ningekuwa na uwezo ningeiandika mlangoni mwa kila maabara ya kamera za joto.

Tuipeleke kwenye meza yako. Gimba la sentimita 4 likiwa sentimita 15 nyuma linafunika radiani 0.133 kila upande. Kwa mawimbi ya mikroni 10, kundi la 200 linarusha kiasi kidogo sana nje ya eneo hilo, asilimia 4 hivi. Kundi la 100 linapoteza asilimia 8. Kundi la 50 linapoteza kama asilimia 15. Kwenye mawimbi ya mikroni 14 hali ni mbaya zaidi kidogo, lakini unaona mwenyewe: robo tatu haipo popote.

Hayo ni kwa kundi lililo katikati ya bamba. Kama mtengenezaji alikupangia makundi kwa safu, kubwa katikati na dogo pembeni, hadithi ni nyingine. Kundi lililo milimita 15 kutoka katikati, upande mmoja limebakiwa na milimita 5 tu za gimba. Umbali wa sentimita 15 unaifanya hiyo iwe radiani 0.033, nyembamba kuliko hata koni ya kamera kabla ya difraksheni kuanza. Kundi hilo sehemu yake linaangalia ukuta! Hili lichunguze kabla ya jingine lolote.

Dawa ni kusogeza gimba karibu. Likiwa sentimita 2 nyuma ya bamba linafunika digrii 45 kila upande, na difraksheni ya mipasuo inakuwa haina la kufanya. Tatizo ni kwamba gimba lililo karibu linalipasha bamba joto, na wewe unapima tofauti ya joto kati ya viwili hivyo. Ukiseti tofauti ya nusu digrii, ukaenda kunywa chai, ukirudi huenda si nusu tena. Kipima joto kiwe kimegusana na bamba lenyewe, si hewa ya chumbani, na usomaji wake uuandike kila unaponasa picha. Wengine hupaka upande wa nyuma wa bamba ung'are kama kioo ili urudishe joto kwenye gimba, na upande wa mbele uwe mweusi. Ni wazo zuri na rahisi.

Kosa la pili la bamba lako halihusu difraksheni hata kidogo, ingawa kila mara linasingiziwa kuwa ni yenyewe: unene. Mpasuo wa mikroni 50 ndani ya chuma cha mikroni 300 si mpasuo, ni korido. Ukisimama kwenye ukingo wa mlango wa korido, nusu ya njia za kuangalia ndani zinazibwa na ukuta wa karibu yako. Ukuta huo una joto la bamba. Eneo linaloathirika ni unene mara pembe ya koni: mikroni 300 mara 0.05, yaani mikroni 15 kutoka kila ukingo. Ukijumlisha vizuri, kundi la 100 linapoteza asilimia 6 au 7, na la 50 kama 13, kama kuta za mipasuo zimepakwa rangi nyeusi. Zikiwa chuma kinachong'aa hasara inapungua, kwa kuwa ukuta unaakisi joto la gimba badala ya kuonyesha la kwake. Na hiyo rangi nyeusi yenyewe ichunguze kwa darubini. Tabaka la rangi lililomwagikia ndani ya mpasuo wa mikroni 50 linaweza kuufanya wa 30, na hapo utakuwa unapima ustadi wa mpaka rangi. Mafundi wazuri huchonga upande wa nyuma wa mpasuo kwa mshazari ili ukingo wa mbele tu ndio uwe mwembamba. Kama utaagiza bamba siku moja, hilo ndilo la kuomba.

Sasa jumlisha hasara zote za bamba kwa kundi la 100: kama asilimia 14. Hizo zinaweza kukuharibia namba ya mwisho ukisema kamera inatambua tofauti ya digrii fulani, maana tofauti halisi iliyofika ni ndogo kuliko uliyoseti. Lakini asilimia 14 haziwezi kufanya mistari minne iwe mitatu.

Twende kwenye lenzi. Mwaka 1835 Airy, mwanaastronomia Mwingereza, alionyesha hesabu ya picha ya nyota kupitia tundu la mviringo: hata lenzi iliyokamilika haikupi nukta, inakupa kisahani cha mwanga kilichozungukwa na pete. Kipenyo cha kisahani hicho ni 2.44 mara urefu wa wimbi mara namba ya f. Kwako: 2.44 mara 10 mara 1, mikroni 24.4. Pikseli zako ni za mikroni 12. Kwa hiyo kila nukta ya dunia inapakwa juu ya pikseli mbili kwa mbili kabla sensa haijaanza kazi. Huwezi kulikwepa hilo kwa kununua lenzi ya bei kubwa zaidi yenye tundu lile lile.

Tundu hilo linaweka ukomo. Gawanya kipenyo cha lenzi kwa urefu wa wimbi: milimita 25 kwa mikroni 10 ni 2,500. Yaani lenzi haiwezi kupitisha mistari iliyosongamana kuliko jozi 2.5 za mstari na nafasi kwa kila miliradiani (sehemu ya elfu ya radiani), hata ungekuwa na sensa ya miujiza. Sasa angalia makundi yako. Jozi moja ya kundi la 50 ina upana wa mikroni 100; kwenye fokasi ya milimita 250 hiyo ni miliradiani 0.4, sawasawa na jozi 2.5 kwa miliradiani. Kundi lako la mwisho limekaa juu kabisa ya ukomo! Mawimbi mafupi ya mikroni 8 yanapitisha kidogo, asilimia 10, na sensa inayamaliza. Ule ukungu mtupu ndio jibu sahihi la kamera isiyo na hitilafu. Ingekuonyesha mistari hapo, ningeshuku programu yake inachora.

Makundi mengine, kwa mikroni 10: la 400 lenzi inabakiza asilimia 84 ya utofauti, la 200 asilimia 69, la 100 asilimia 39. Zidisha na kile ambacho upana wa pikseli wenyewe unakifuta, unapata 81, 59 na 20. Linganisha na ulichokiona: safi, limefifia kidogo, limeharibika. Inafanana mno na daftari lako kuwa bahati. Na kumbuka 20 hiyo ni kabla ya bamba kuchukua chake.

Kuna kosa ambalo wanafunzi wengi hulifanya hapa na hata ripoti za watu wazima hulibeba. Wanahesabu difraksheni ya kolimeta, yaani kile kioo cha parabola, kisha ya lenzi ya kamera, kisha wanazizidisha. Usifanye hivyo. Kioo na lenzi hapa ni mfumo mmoja, na tundu dogo kuliko yote ndilo linalotawala. Kioo chako kina milimita 50, lenzi 25. Koni haikatwi na kioo, kwa hiyo difraksheni ni ya lenzi peke yake. Ingekuwa kinyume, kamera kubwa mbele ya kioo kidogo, ungekuwa unapima kioo huku ukidhani unapima kamera.

Na mistari mitatu? Hiyo ni kazi ya pikseli. Pikseli ya mikroni 12 nyuma ya lenzi ya milimita 25 inaona miliradiani 0.48, kwa hiyo sensa inachukua sampuli 2.08 kwa kila miliradiani na inaweza kuhesabu kwa uaminifu hadi nusu yake, jozi 1.04. Kundi la 100 lina jozi 1.25. Limevuka. Likivuka halipotei, linajitokeza na sura ya kundi jingine: 2.08 toa 1.25, jozi 0.83 kwa miliradiani. Upana wa kundi zima haujabadilika, ila ndani yake sasa kuna nafasi ya mistari 2.67 badala ya 4. Kwa jicho, mitatu. Sogeza kamera kwa robo ya pikseli na sura itabadilika. Mara mitatu, mara miwili minene. Ukiona mistari inabadilika idadi kwa kuigusa kamera kidogo tu, hiyo si difraksheni ya aina yoyote. Kwa kupima tofauti ndogo kabisa ya joto inayotambulika, kundi la 100 usilitumie kabisa kwa kamera hii, maana sharti ni mtu aione mistari yote minne.

Ukitaka kumwonyesha msimamizi wako bila ubishi, fanya jaribio la gharama ndogo: pima utofauti wa kundi la 200, gimba likiwa sentimita 15, kisha likiwa sentimita 2, haraka kabla bamba halijapata joto. Mipasuo ikiwa ndiyo mwizi mkuu, utofauti utapanda sana. Mimi natarajia upande kwa asilimia 4 hivi, kama kundi liko katikati. Likiwa pembeni utapanda zaidi, na utakuwa umegundua kosa la mpangilio.

Jaribio la pili ni la gharama, lakini kama idara jirani ina kioo cha fokasi ya milimita 1,000, omba. Mistari yenye usongamano ule ule wa pembe sasa inakuwa na upana mara nne: 1,600, 800, 400 na 200. Difraksheni ya mipasuo inapungua mara nne, koni ya kamera inashuka hadi 0.0125, na unene wa bamba haufanyi lolote la maana. Difraksheni ya lenzi inabaki palepale bila kubadilika hata chembe. Ukipata asilimia zile zile za utofauti wa mistari, bamba limeachiwa huru. Maabara zinazopima kamera hizi hupendelea vioo vya fokasi ndefu kwa sababu hiyo pia: mistari ikiwa mipana, fundi hakosei sana na wimbi halina pa kushika.

Kuna hali moja ambayo msimamizi wako angekuwa sahihi kabisa, na pengine ndiko alikolitoa wazo lake: leza. Ungemulika bamba kwa leza ya kabonidayoksaidi ya mikroni 10.6 badala ya gimba jeusi, hakuna miale ya mshazari ya kufidia. Kundi la 100 lingegawa mwanga katika miale michache yenye pembe maalumu, wa kwanza ukiwa radiani 0.053 kutoka katikati. Koni yako inaishia 0.05. Mwale huo ungepita nje kidogo tu, na mwanafizikia Mjerumani Abbe alishaeleza kwa hadubini mwaka 1873 kinachotokea baada ya hapo: miale ya pembeni isipoingia, mistari haipo kwenye picha, kunabaki doa. Bamba lile lile, lenzi ile ile, leza inakupa karibu sufuri na gimba jeusi linakupa asilimia 39. Usilijaribu lakini, sensa yako itaungua.

Kwa hiyo wiki hii: sogeza gimba, hamishia kundi unalopima katikati, angalia rangi ndani ya mipasuo, na badala ya bamba jipya zima agiza makundi mawili tu ya ziada, la mikroni 300 na la 150. Hayo yana jozi 0.42 na 0.83 kwa miliradiani, chini ya ukomo wa sensa, na ndiyo yanayokosekana kwenye mchoro wako kati ya 400 na pale kamera inapoanza kudanganya. Waambie wachonge nyuma kwa mshazari, na kila mstari uwe na urefu mara saba ya upana wake, ili kundi zima liwe mraba.